Sura Iliyoshonwa kwa Sindano ya Gunia

Wegesa alikuwa mlafi wa vitabu, na hakuona haya kulisema hilo. Kwao Mbalibali, tangu utotoni, alisoma kitu chochote chenye herufi: gazeti lililofungiwa sabuni, maelezo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, Biblia ya bibi yake mpaka yale majina marefu ambayo wenzake waliyaruka. Akipata riwaya ndiyo usiseme! Ugali unaungua, mbuzi wanaingia kwenye mihogo ya watu, yeye yumo tu. Alisoma mbio mbio, peke yake, na akimaliza anatafuta kingine. Kurudia kitabu? Thubutu! Kwake hicho kilikuwa kiporo.

Rashi, ile mbio ya kukimbilia dhahabu, ilipolipuka upande wa Tarime, watu walimiminika kutoka kila kona, na Wegesa naye akabeba masufuria yake akaenda kuwapikia wachimbaji. Vitabu alivificha kwenye gunia la mchele. Akajenga kibanda kando ya duara la Mzee Mwikwabe. Huko shimo la dhahabu huitwa duara, hata kama lina pembe kumi. Wanaume walishuka asubuhi kwa kamba, wakapanda mchana wakiwa weupe kwa vumbi, wanakula, wanashuka tena. Na Wegesa, dagaa wakichemka, kitabu kiko mkononi.

Siku moja Nashoni, mpiga nyundo mwenye mdomo mrefu, alimkuta anacheka peke yake mbele ya sufuria.

"Dada Wegesa, umepagawa?"

"Nasoma."

"Unasoma peke yako na sisi tunakutazama? Huo ni uchoyo. Hebu tusomee!"

Wegesa alinuna. Kusoma kwa sauti ni kutembea na mtu mwenye kigugumizi cha miguu, alisema. Lakini wateja ni wateja. Akaanza kusoma, na jamani, wale watu walisikiliza! Kijiko kilisimama njiani. Mtu na midevu yake akasahau kumeza.

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Aliletewa na kaka yake Sylvester, aliyefanya kazi kwenye kambi ya watalii huko Natta. Kilimhusu mwanamke aitwaye Sabina, mke wa fundi wa reli. Siku moja anapigiwa hodi, analetewa furushi la nguo na kuambiwa mume wako amefariki, pole sana. Sabina anafungua furushi, anashika shati moja moja, anasema, "Haya si mashati yake." Basi! Anauza mbuzi, anafunga nyumba, anaondoka kumtafuta mumewe.

Wegesa alipofika hapo Sabina anapofunga nyumba, ndipo kelele zilipotoka chini ya duara. Zamu iliyokuwa shimoni ilikuwa imekutana na dhahabu. Weee! Watu walipiga mbinja, wakakumbatiana, mmoja akabusu jiwe mpaka mdomo ukatoka damu.

Mzee Mwikwabe, mwenye duara, hakuruka na wenzake. Alikuwa Mkurya wa zamani, mtu asiyeanza shimo bila kulitemea mate ya baraka. Akakitazama kitabu, akalitazama shimo, akakitazama tena kitabu.

"Jiwe limeitikia hadithi," alisema. "Hiki kitabu kisiishe. Kikiisha, na dhahabu imeisha."

"Tata!" Wegesa aliruka, akimwita baba kwa Kikurya. "Kitabu ni karatasi tu!"

"Na dhahabu ni udongo tu. Kisiishe."

Wa kwanza kumuunga mkono alikuwa Oduol, na hilo liliwashangaza wote, maana Oduol hakuwa mtu wa maneno. Yeye alishona viroba vya mawe kabla havijapelekwa kusagwa. Alitoka ng'ambo, upande wa Kenya, na zaidi ya hapo hakuna aliyejua habari zake.

"Mzee amesema kweli," alisema. "Leteni nikishone."

Akaichukua sura ya mwisho, akapitisha sindano ya gunia na uzi wa katani ukingoni, akakaza mishono kama anafunga mawe ya kilo mia. Wegesa alitazama huku moyo unamwaka. Angeweza kumtia kofi!

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Sura nyingine zote alizisoma, Sabina akavuka mikoa, akaibiwa, akalala stesheni, akafua nguo za watu apate nauli, mpaka akafika kwenye mji ambako mtu alimwambia, "Ndiyo, namfahamu, anakaa nyuma ya soko." Kisha mishono! Je, yuko hai kweli? Kwa nini hakurudi? Wegesa alikosa usingizi. Mara nyingine, watu wakiwa shimoni, alizipanua kurasa kwa vidole na kuchungulia katikati ya nyuzi. Aliona neno "maji". Akaona "mlango". Loo! Heri asingeona chochote. Kisu cha vitunguu kilikuwa pale pale, lakini jiwe likifa kesho yake nani atalaumiwa? Wangemvunjia kibanda. Na ukimbana sana, yeye mwenyewe alianza kuamini kidogo.

"Sasa tusome nini?" aliuliza.

"Anza upya," wakasema.

Kiporo! Alianza kwa kinyongo. Lakini ajabu ni kwamba safari ile ya pili kitabu kilikuwa kingine kabisa. Mara ya kwanza alikuwa amepita mbio, hakuona kuwa Sabina kila anapofika mahali hutaja jina la mumewe kabla ya kutaja la kwake. Hakuona kile kikohozi cha mume kilichotajwa mwanzoni kabisa. Alisoma polepole, akasimama, wanaume wakabishana, akaendelea. Wakafika mahali wakamsahihisha. "Dada, umeruka! Hapo kulikuwa na mvua!" Walianza kumsema Sabina kama jirani yao. Wegesa alijikuta anamenya ndizi kwa haraka ili saa ya chakula ifike, na furaha aliyokuwa akiipata peke yake jikoni sasa aliona ilikuwa nusu tu.

Oduol peke yake hakubishana. Alikaa nyuma na viroba vyake, na kila walipoikaribia ile mishono alitazama chini.

Kisha jiwe likakata. Hakuna aliyefanya kosa, dhahabu ilikwisha tu, kama inavyokwisha. Walichimba bure, wakabadilisha upande, wakachimba bure tena. Mzee Mwikwabe alipanda juu siku moja, akanawa mikono, akaketi.

"Imekwisha na kitabu hakijaisha," alisema. "Basi nilikosea. Mwanangu, kata."

Wegesa hakungoja aambiwe tena. Kisu kikapita kwenye nyuzi. Oduol alisimama.

"Msisome," alisema. "Kiacheni hivyo hivyo."

"Ala! Wewe vipi?" Nashoni alimfokea. "Kaa chini!"

Wegesa alisoma. Sabina anafika nyuma ya soko. Anabisha mlango, mwanamke kijana anafungua, mtoto begani. Sabina anaomba maji. Akiwa anakunywa, anasikia kikohozi ndani. Ni chenyewe! Mume anatoka, mzima, amenenepa. Wanatazamana. Yule mke kijana anauliza, "Unamfahamu mama huyu?" Na mume anasema, "Hapana. Simjui." Sabina anamaliza maji yake. Anaisuza kata, anaiweka mahali pake, anashukuru, anarudi stesheni.

Ikawa hivyo. Kitabu kimeisha.

Palilipuka! Nashoni alitukana ukoo mzima wa yule mume. Mwingine alirusha sahani. Mzee Mwikwabe alifuta macho na kusingizia moshi. Wegesa alilia waziwazi, machozi yakadondokea ukurasa, na hajawahi kufurahia kilio kama siku ile.

Katikati ya kelele hizo Oduol alikuja mbele. Uso ulikuwa umebadilika.

"Dada, hebu rudia pale anaposema hamjui."

Akarudia. Wanaume wakageuka mmoja mmoja, wakamtazama mwenzao.

"Mimi nina mke Migori," alisema Oduol. "Anaitwa Awino. Nilimwambia nakuja huku wiki mbili. Sikupata kitu, nikaona haya kurudi mikono mitupu, ikawa mwezi, ikawa mwaka. Sasa hata miaka naogopa kuihesabu. Nilijua tangu mwanzo atamkuta hai. Ndiyo maana nilishona."

Hakuna aliyemcheka, hata Nashoni. Wegesa alimpakulia chakula, hakula. Asubuhi, gari la kwenda Sirari, mpakani, lilipopiga honi, Oduol alikuwa amesimama mbele ya kibanda na mfuko mmoja.

"Wewe umesoma vitabu vingi," alimwambia Wegesa. "Nikifika mlangoni, nianze na neno gani?"

"Mwite jina lake," alisema Wegesa. "Kisha nyamaza, aseme yeye."