Anayerudisha Trela Nyuma

Jirani wa kiwanja cha pili, kwenye hifadhi ya kupigia kambi ziwani huku Michigan, ana mikono mipana yenye madoa ya uzee. Akishika usukani huugongagonga kwa kidole, kama anayesubiri mtu amalize kusema. Kila kiangazi familia ya Kaija humkuta hapo na trela lake refu la kulala. Mwaka huu alikuja peke yake. Mkewe, aliyekuwa akisimama nyuma na kumwongoza kwa kumgombeza, alifariki wakati wa theluji. Kurudisha trela nyuma katikati ya misonobari ni kazi ya watu wawili, na kambini ndiyo sinema ya jioni: watu huvuta viti, wakafungua bia, wakatazama na kutaniana. Safari hii hakuna aliyecheka. Alirudi nyuma kidogo, akashuka, akachungulia, akapanda tena. Trela likazidi kwenda upande.

"Nenda kamwongoze mzee wa watu," baba yake Kaija akanong'ona.

Kaija akasimama nyuma, akapunga mikono vizuri kabisa. Gari halikusogea.

"Mikono siifuati, binti," mzee akasema dirishani, kwa upole. "Mimi nimezoea kugombezwa."

Kaija akashusha mikono. "Haya, kata kushoto. Kushoto, mzee! Unataka kuukwea huo mti? Sasa nyoosha. Taratibu, wewe nawe, nani anakufukuza?"

Trela likaingia sawasawa, likatulia.

"Basi, umefika."

Injini ikazimwa. Mikono ikabaki usukanini.

"Endelea kidogo," mzee akasema.