Mama Angèle Achagua Jetoni

Mama Angèle alikuwa na mkahawa karibu na stesheni ya Likasi. Ulikuwa chumba kimoja chenye meza za mbao, na nyuma yake jiko lenye dirisha dogo la kupitishia sahani. Aliuza bukari, yaani ugali, kwa sombe ya majani ya muhogo, na samaki wakipatikana. Yeye alikaa mlangoni akipokea pesa, na jikoni alikuwamo Mado, mpishi wake tangu mwanzo.

Alianza na mashine ya kupokelea pesa aliyoinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa akiihama nchi. Ilikuwa nzito, yenye vibonye na kengele, na Angèle aliipenda. Lakini zaire, pesa ya nchi, iliporomoka hadi bei ya sahani moja ikawa na sifuri nyingi kuliko nafasi za mashine. Akahamia tiketi za karatasi. Watu wakachana madaftari ya watoto wao wakajitengenezea za kwao, na kila mchana chakula kiliisha kabla ya waliolipa kula.

Ndipo mdogo wake Évariste alipomletea kopo la jetoni, vipande vya duara vya shaba. Zilitoka kwenye kiwanda alichofanyia kazi, ambacho sehemu kubwa yake ilikuwa imesimama. Zamani kila mfanyakazi alikuwa na jetoni yenye namba yake, akiichukua getini asubuhi na kuirudisha jioni. Sasa zilikuwa zikitupwa. Angèle alizipima mkononi, akaona hakuna wa kuzighushi. Mteja angelipa mlangoni, apewe jetoni, aipeleke dirishani. Mado angeitundika msumarini hadi sahani itoke.

Utaratibu ulifanya kazi vizuri. Ila mkahawa ulinyamaza. Wanaume waliowahi kufanya kazi kiwandani waliisoma namba kwanza kabla ya kukaa, na wengine waliomba wabadilishiwe.

Kisha ikaanza sahani isiyo na mtu. Saa sita mchana Mado alikuta jetoni namba 318 dirishani, akapakua, akaita, na hakuna aliyeinuka. Ikawa hivyo kesho yake, na siku zilizofuata. Angèle alidhani ni mwizi aliyeshikwa na aibu. Akaitoa jetoni hiyo kwenye kopo, akaifunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kiunoni, akakaa mlangoni akiwa ameishikilia kwa nje. Saa sita Mado alimwita. Jetoni ilikuwa dirishani, ina joto kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu. Angèle akafungua pindo. Palikuwa patupu, na fundo lilikuwa bado limekaza kama alivyolifunga.

Aliipeleka jetoni kwa Papa Casimir, mzee aliyekuwa mlinzi wa geti la kiwanda na sasa akila pale kila siku. Mzee hakutaka kuishika. Aliisoma ikiwa juu ya meza.

"Ni ya Nicolas, ule wa ku four," alisema, akimaanisha tanuru la kiwandani. "Alikuwa anafika mbele ya bantu yote. Alipanda train na bengine."

Hakuhitaji kueleza treni ipi. Watu wa asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa mjini, walikaa stesheni kwa miezi, chini ya maturubai na magunia, wakingoja mabehewa. Angèle aliwaona kila siku kutoka mlangoni kwake. Casimir aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba Nicolas hakufika. Alifia njiani; wenzake walimshusha, wakamzika kando ya reli.

Nyumba ya Nicolas ilikuwa Panda, kwenye kambi ya wafanyakazi. Angèle alikwenda huko akitaka kuiacha jetoni kwa yeyote wa ukoo wake. Alimkuta mama aitwaye Providence, aliyehamia humo na watoto wake kutoka Kambove, akianika mahindi uani. Angèle akamweleza yote, akitazamia kuchekwa. Providence aliendelea kutandaza mahindi.

"Asubui mulango inafunguka yenyewe," alisema. "Tulishazobelea, hatuogope tena. Anaenda ku kazi."

"Na saa sita?" Angèle aliuliza.

"Saa sita hatumusikiake. Pengine anakula kwengine."

Angèle alirudi mjini kwa miguu, jetoni ikiwa mkononi. Alihisi ubaridi mgongoni, ingawa jua lilikuwa kali, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Kesho yake alimwambia Mado apakue bila kuita, aweke sahani kwenye meza ya ukutani, na mtu asikae pale. Wateja waliona. Wakaizunguka meza hiyo kwenda kukaa kwingine. Jioni Mado alikiondoa chakula kikiwa kizima, lakini kimekauka na hakina harufu yoyote, hata ya samaki.

Baadaye, zaire mpya ilipotoka, Hervé, mchuuzi kutoka Lubumbashi, alimletea mashine ya umeme. Ilikuwa na nafasi za sifuri za kutosha, na ilitoa risiti. Angèle aliijaribu asubuhi nzima, na kwa kweli ilimpendeza. Akamuuliza Hervé kama mtu asiye na pesa wala sauti angeweza kuomba chakula kwa mashine hiyo. Hervé alidhani anataniwa. Alicheka, akatazama mezani kwa wengine ili wacheke naye.

Wote walikuwa wameinamia sahani zao. Ilikuwa saa sita. Angèle alimsaidia kuirudisha mashine kwenye boksi, akamshukuru, akamwomba apishe kidogo pale mlangoni, mtu apite.