Muhuri wa Kurudisha

Karani wa dirisha la vifurushi hupapasa kila kisanduku pembe zote nne, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Vidole vyake vinanata gundi, sauti yake ni kavu, na mfuko wa shati lake una madoa mekundu ambayo mkewe ameshachoka kuyaulizia. Tangu kanuni mpya zianze, kifurushi cha ng'ambo kisichotangazwa kwenye kompyuta kabla ya safari hakilipiwi ushuru wala hakiombewi msamaha, kinarudi kilikotoka. Watu wamembandika jina, Bwana Rudisha, naye anaitika.

Leo amesimama mbele yake bibi mmoja, na kisanduku kilicho dirishani, kisichotangazwa, kimetoka kwa bintiye aliye ng'ambo.

"Hata kuchungulia tu, mwanangu?"

"Sheria ni msumeno, mama."

Anafungua droo, anaifunga. "Hebu nishikie hiki kidogo, nitafute muhuri."

Bibi anakipakata, anakinusa, anapitisha kidole juu ya mwandiko wa bintiye. Karani amempa mgongo, anapekua droo ileile upya, bila haraka. Muhuri umo mfukoni mwa shati lake, unaongeza doa.