Asali ya Abiria

Nilikulia kwenye stesheni ya Itigi, lakini nje ya treni. Mama aliuza asali pale, na hakukubali kumuuzia mtu ambaye hajaonja. Treni ikisimama, aliinua kijiko hadi dirishani na kusema, "Lete kiganja." Abiria walilamba bure, wengine mara mbili, wakaenda zao. Sisi wanawe tulimeza mate tu. Asali ilikuwa ya abiria, na ole wako uguse.

Mwaka jana nikampandisha treni ya umeme pale Dodoma, kwenda Dar es Salaam. Nilijivuna kana kwamba reli nimeitandika mimi. Yeye akalipapasa dirisha akitafuta pa kulifungulia.

"Halifunguki, Mama."

"Sasa watu wa njiani wanauzaje?"

Nikamwambia hawauzi. Akasonya, akatoa chupa na kijiko kwenye kikapu, akaanza na bwana mwenye tai aliyekaa mbele yetu. "Lete kiganja, baba."

Kwa aibu nikageukia dirisha. Yule bwana akalamba, akaomba tena, akapewa. Kisha nikaguswa bega.

"Na wewe leo ni abiria," Mama akasema. "Lete kiganja."