Salamu Nilizozitembeza Mpaka Dar es Salaam

Ipo siku moja, mjukuu wangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio hunichoma: siku niliyosimama mbele ya mlango mmoja Kibokoni, Mombasa, nikapiga hodi mara moja, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha paka, kisha nikaondoka zangu. Nitakueleza. Lakini kwanza ujue kwa nini nakuandikia badala ya kukuita barazani tukazungumza kama watu. Ni kwa sababu jana nilikusikia.

Jirani yetu Bi Salma alikuja mlangoni kwa mwendo wake ule wa magoti mabovu, akakuambia, "Nasikia uko safarini. Ukifika Unguja nisalimie dadangu." Nawe ukamjibu, huku ukikaza mikanda ya begi lako la mgongoni, "Bibi, mimi naenda kutembea, si tarishi." Ukacheka. Naye akacheka, maana mtu mzima akivunjiwa heshima na mtoto hana pengine pa kuuweka uso. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kikombe changu cha kahawa, na sikutoka. Haya hii yangu nimezaliwa nayo, na nadhani nitazikwa nayo. Ndiyo nikalitoa daftari langu la zamani, lile ambalo nyanya yako alikuwa akitishia kulifungia bajia, nikaketi kukuandikia. Kusema nitashindwa. Nitakasirika, nitagugumia, nawe utaanza kutazama simu.

Nilikuwa na umri wako, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, sina kazi ila kuandika daftarini yale nisiyothubutu kuyasema. Asubuhi moja gatini Lamu nilimwona kijana wa Kizungu akishuka na shanta mgongoni, ndevu hazijachanwa, miguuni ndala. Hakumsalimu mtu, wala hakuna aliyekuwa akimtaraji. Nilirudi nyumbani nikaandika, nami nakunukulia upumbavu wangu kama ulivyo: "Leo nimeona mtu aliye huru. Anaweza kuzunguka dunia asipige hodi mlango wowote. Nami nitasafiri hivyo."

Mpumbavu nilikuwa, lakini hati yangu ilikuwa nzuri.

Nikaazima shanta ya kaki ya ami yangu, aliyorudi nayo vitani, nikapanga safari: kwanza visiwa vyetu vya Ndau na Kiwayu, nirudi nipite Kipungani, kisha nivuke Mokowe nipande basi la Mombasa, na kutoka hapo Tanga, na kutoka Tanga Dar es Salaam. Miezi miwili, mtu na shanta yake.

Basi Ndau nilikwenda kutazama kisiwa, nikawa nakaa nyuma ya mashua iliyopandishwa ufuoni, naandika, mpaka mzee mmoja akaja akanitoa. "Wewe ni mwana wa nani, unayejificha kama kaa?" Nilipomtajia baba, akaniambia alikula harusini kwake, akanipeleka kwake nikalishwa siku tatu. Nilikasirika sana. Kiwayu, ambako nyumba zilikuwa za kuhesabika, niliandika: "Pazuri. Watu wengi mno."

Kisha Kipungani, kwa Bi Mwanaesha.

Huyu alikuwa shoga wa nyanya yangu, msusi wa mikeka. Nilimkuta uani anasuka ukili, ule mkanda mrefu wa majani ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka, na niliona anausogeza karibu mno na uso, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Wenda Mombasa?" akaniuliza.

"Naam, Bi."

"Basi bwaga hilo furushi ukae. Nina mwanangu kule Kibokoni, Bakari."

Habari za Bakari nilikuwa nazijua, na Kipungani nzima ilizijua. Aliuza mashua ya marehemu baba yake bila kumwuliza mama, na mama akamwambia mbele za watu kwamba radhi yake hataipata. Bakari akaenda Mombasa. Miaka minne, huku kimya na kule kimya. Wewe, mwanangu, hujui radhi ya mama ni kitu gani kwa sababu hujaikosa. Aliyeikosa hata maji yakimpita kooni huyashuku.

"Mwambie hivi," akasema Bi Mwanaesha, na ukili ukasimama mkononi. "Radhi nimempa. Mashua ilikuwa mbao tu. Naye ashike ndia aje nimuone mato yangu yangali na mwanga. Daktari amenambia yanafunga yote mawili. Umeshika?"

"Nimeshika, Bi."

"Sema nikusikie."

Nikasema, huku naangalia vidole vyangu vya miguu.

"Sauti gani hiyo? Wamsalimu mwanangu au wamnong'onezea panya?" Akanirudisha mara ya pili, na ya tatu. "Salamu ni amana, Shee. Ni kama dhahabu ya mtu. Usirudi nayo."

Nikaiandika daftarini, nikaipigia mistari miwili chini. Ipo mbele yangu hapa ninavyokuandikia. Mistari imenyooka kweli kweli.

Mombasa nilifika, na siku ya kwanza ile ile nikaenda Kibokoni. Nyumba niliiona kwa urahisi, vijana wa Lamu walikuwa wamepanga chumba cha mbele. Mlango wazi, pazia limeshushwa, na ndani watu wanacheza dhumna, wanazibamiza mezani, wanacheka. Nikawaza: nitaingia, wote watanyamaza, watanikodolea, wataniuliza mimi wa nani, kisha nitatakiwa kumwambia mtu mzima mbele ya wenzake kwamba mama yake amemsamehe. Nilimwonea haya yeye, nikajionea haya mwenyewe. Nikasema "Hodi." Mara moja. Dhumna zikabamizwa. Nikajiambia hawakusikia, nikashika njia.

Daftari linasema: "Nimekwenda kwa Bakari. Hawakusikia. Kesho."

Siku ya pili: "Nimeona meli kumi na moja Kilindini. Bakari kesho."

Siku ya tatu: "Nimetazama sinema. Bakari kesho."

Siku ya nne: "Kesho Tanga."

Unaona, mwanangu? Nilikuwa na wakati wa meli kumi na moja.

Sitakudanganya kwamba safari ilikuwa mbaya. Tanga ilinipendeza. Dar es Salaam ilinipendeza zaidi, maghorofa, taa, barabara ndefu ambazo mtu anaweza kuzitembea kutwa asijulikane yeye ni nani. Nilichokitaka nilikipata. Na siku ya nne ya kukipata, nilijikuta namwambia muuza kahawa, bila kuulizwa, "Mimi ni mtu wa Lamu." Akasema, "Mbali," akammiminia mwingine. Nikabaki na kikombe changu. Nilitamani yule mzee wa Ndau atokee aniite kaa.

Kurudi, basi lilitushusha Mombasa asubuhi, na la kwetu lilikuwa liondoke mchana. Kutoka pale hadi Kibokoni ni mwendo wa nusu saa. Sikwenda. Nilikalia shanta yangu mpaka basi likaita. Sasa sikuwa naona haya ya kuingia tu, nilikuwa naona haya ya kuchelewa. Haya nayo huzaa: ukiilea moja, inakuletea ya pili, na zote mbili zataka kula.

Bi Mwanaesha aliposikia nimerudi akatuma mtu aniite. Nikaenda nimejikaza, na neno langu tayari.

"Zimefika?" akaniuliza.

"Zimefika, Bi."

"Amesemaje?"

Hili sikuwa nimelipanga. Wallahi, mwanangu, njia nzima sikufikiri kwamba salamu ina jibu. Nikasikia mdomo wangu, ambao siku zote hautaki kufunguka, ukifunguka wenyewe: "Amesema atakuja Idi."

Alivuta majani mapya, mekundu na ya zambarau, akaanza kusuka. "Huu wa kulalia Bakari," akasema baadaye, akizungumza na majani.

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Siku ya Idi mama alinituma Kipungani na sahani ya vileja. Nikamkuta Bi Mwanaesha barazani na leso mpya, majirani wamekuja kumpa mkono wa Idi, na kila anayepita kutoka ufuoni anamwuliza, "Hukuona chombo cha kutoka Lamu?" Mlango ulikuwa wazi. Ndani niliuona mkeka umetandikwa kitandani, na mwishoni mwake ukili umepinda kidogo, mahali macho yalipomkataa.

Nikasema, "Bi, sikumwona Bakari."

"Sema nikusikie."

Nikasema tena. Kanzu zote zile za Idi zikanigeukia.

Hakulia, wala hakunilaani. Alishusha pumzi tu, kama mtu aliyeona kwamba alichosuka wiki nzima lazima akifumue. "Wewe wanichosha," akasema. "Una miguu ya kufika Dar es Salaam, huna ulimi wa kufika mlangoni kwa mwanangu. Nilikupa neno. Si gunia la mtama, neno. Ukalitembeza nti mbili, ukanirejeshea na uongo juu yake. Watu husema ndia ya mwongo ni fupi. Wewe yako umeirefusha mpaka Idi." Akaisukuma ile sahani ya vileja kwangu. "Kula. Kisha urudi."

"Nirudi wapi, Bi?"

"Alahaula," akamwambia jirani aliyekuwa kando yake. "Auliza arudi wapi."

Nikarudi Mombasa, safari hii bila shanta. Kibokoni nilipiga hodi mara tatu mpaka wa nyumba ya pili wakachungulia. Akatoka kijana mmoja, dhumna mkononi.

"Bakari? Ameingia melini mwezi uliopita."

Nikamwuliza meli gani, hakujua. "Alikuwa akimwuliza kila atokaye Lamu," akasema, "hamna neno la mama? Twamwambia hamna. Mwisho akasema, basi mimi hapa nangoja nini."

Nilikaa kwenye ngazi ile. Nilipoinuka nilimpa yeye lile neno, nikamsikiza mpaka akalirudia sawasawa. Kisha nikaenda bandarini. Kwa siku tisa nilimsimamisha kila baharia niliyemwona, nikamwambia: "Bakari wa Bi Mwanaesha wa Kipungani, mama yake amempa radhi, na anamtaka aje, mama amuone macho yake yangali na mwanga." Usidhani haya iliniisha. Lakini hakuna aliyenicheka, mwanangu. Watu wasionijua waliacha mizigo yao chini wakanirudishia maneno yale, neno kwa neno, ili yasiwapotee.

Neno lile lilizunguka karibu miaka miwili. Lilimfika katika bandari ya mbali, kinywani mwa mpishi wa meli ambaye mimi simjui mpaka leo. Bakari akaja.

Niliposikia nilikwenda Kipungani. Niliwakuta wameketi juu ya ule mkeka, ambao haukuwa umelaliwa na mtu. Macho ya Bi Mwanaesha yalikuwa meupe. Alikuwa anampapasa mwanawe usoni kwa vidole, taratibu, ukingo hadi ukingo, kama alivyokuwa akikagua ukili.

"Umekonda," akamwambia.

"Nimenenepa, mama."

"Usinibishie. Mikono yangu yaona."

Bakari aliponiona akanitoa nje. Nikadhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Akaniuliza, "Ni wewe uliyekuja Kibokoni, siku tulipokuwa twacheza dhumna?"

"Ni mimi."

"Nilisikia hodi moja," akasema. "Nikawanyamazisha wenzangu. Nikangoja ya pili."

Akarudi ndani kwa mama yake.

Majuto ni mjukuu, wasema wahenga, na mimi nimepata vyote viwili. Basi sikiliza, mwanangu. Safari sikukatazi. Nenda Unguja, nenda Dar es Salaam, nenda mpaka Nairobi, jaza daftari. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hapa utarudi, na Bi Salma atakuwa barazani pale pale. Leo baada ya alasiri, kabla hujafunga begi hilo, nenda kwake ukamwombe radhi. Akupe salamu zake, uzirudie mpaka akusikie. Ukifika mlangoni kwa dada yake, piga hodi mara tatu, kwa sauti, hata wakiwa wanacheza, hata wakiwa wanagombana. Usipomkuta mwachie jirani neno, kisha urudi wewe mwenyewe. Na ukishindwa, sema umeshindwa siku ile ile, maana aliyekosa salamu hulia mara moja, na aliyepewa salamu za uongo hukaa akisuka mkeka. Mficha uchi hazai, na mwenye haya ya kusema huwazuia wengine kuzaa.

Yule kijana wa Kizungu wa gatini nimemfikiria sana uzeeni. Nilimwita mtu huru. Huenda kwao alikuwako mama akimwuliza kila atokaye baharini.

Karatasi hizi nitazipitisha chini ya mlango wako. Ukishazisoma nitakuja, na nitapiga hodi tatu, maana kuna jambo moja ambalo sitaki kulikabidhi kwa daftari. Nitalisema kwa mdomo wangu, nikigugumia usinicheke: radhi zangu nimekupa. Mola akufungulie ndia, akupe sauti penye mlango, akupitishe salama kisiwa na kisiwa, mji na mji, na akurudishe nikuone, mato yangu yangali na mwanga.