Pete ya Shaba ya Giaboksi

Harufu ya oili ya gia hunirudisha kwenye mteremko wa Kilungu, nimebanwa kati ya Baba na Mama ndani ya pikapu yetu kuukuu. Kila akibadilisha gia, Baba alikanyaga klachi mara mbili, akangoja kidogo.

“Baba, mbona unangoja?”

“Gia moja inazunguka mbio, nyingine polepole. Kuna pete ya shaba ya kuzisawazisha kabla meno hayajashikana. Yetu imelika, kwa hivyo nazisawazisha mimi.”

“Gia unajua kuzingoja,” Mama alisema, akitazama dirishani.

Baba alikanyaga klachi tena. Mimi nikaendelea kuuliza: pete hulikaje, hununuliwa wapi. Niliuliza yote, isipokuwa kuhusu lile sanduku la nguo miguuni pa Mama, mpaka aliposhuka nalo peke yake kwenye barabara ya Mombasa.