Vita vya Ng'ambo na Mkwe Anayekimbia

Baba yangu aliviamini vile vita. Nilikuwa bado shule ya msingi vilipoanza, na nakumbuka alivyotubishia sote sebuleni kwetu Nyamasaria kwamba serikali kubwa ya ng'ambo haiwezi kusimama mbele ya dunia ikasema adui ana silaha za kuangamiza watu kama hana. "Hao wako na majasusi, Mama watoto," alimwambia mama. "Si watu wa kubahatisha." Baba alikuwa fundi wa meli, na kwake kila skrubu ina sababu yake.

Miaka ikapita, nikakua, nikampata mwanamume wa Katito, mpole na mcheshi, nikampenda mpaka nikawa mjinga. Kabla ya watu wake kuja kuposa, waya, yaani shangazi yangu, dada yake baba, alitumwa huko kuuchunguza ukoo wao kama desturi inavyotaka. Kijaluo tunasema kwenda nono. Alirudi ameshika kichwa.

"Yawa! Hiyo boma iko na jajuok. Babake kijana anakimbianga usiku!"

Kwetu jajuok ni mchawi anayekimbiakimbia gizani akiwatisha watu majumbani mwao, na hakuna mzazi atakayempeleka binti yake kwenye nyumba hiyo. Mama aliuliza kama waya ana hakika. "Lisemwalo lipo," waya akajibu, "na kama halipo laja." Siku hiyohiyo baba akapiga simu Katito: wageni wasije. Nililia macho yakavimba. Nilikuwa na hasira na kila mtu, hata kuku wa mama.

Basi Jumapili moja tumetoka kanisani, sisi na waya tunakula samaki, televisheni ikatangaza kwamba uchunguzi kuhusu vile vita umekamilika. Silaha hazikuwepo. Majasusi walikuwa wameokota maneno ya watu waliosikia kwa watu, na wakubwa, kwa kuwa vita walishavitaka, wakayatangaza kama ukweli mtupu. Baba aliacha kula. Sijawahi kumwona ameumia vile kwa sababu ya taarifa ya habari.

"Walituma watu kwenda nono," akasema, "wakarudi na nono!"

Tulicheka hadi mama akapaliwa, maana neno hilohilo, ukilibadilisha sauti kidogo, ni bure, sifuri, hakuna kitu. Baba hakucheka. "Watu wamekufa huko. Watoto! Nani aliona hiyo silaha na macho yake? Nani?"

"Na babake mchumba wangu, Baba," nikasema, "nani alimwona na macho yake?"

Ghafla waya akapata kazi kubwa ya kutoa miiba kwenye samaki wake.

"Eh?" Baba akamgeukia.

"Si ni yule mama wa kuuza samaki wa omena, pale soko ya Katito. Yeye aliambiwa na shemeji yake."

"Na huyo shemeji?"

"Huyo sasa... sikufika kwa huyo."

Wiki hiyo baba alienda Katito mwenyewe, akalala huko. Kesho yake mchana alirudi na viatu vya matope, anacheka peke yake tangu langoni. "Ni kweli anakimbia," akatuambia. "Nimemwona. Daktari alimwambia ako na sukari, kwa hivyo kila asubuhi kabla jua itoke anakimbia hiyo barabara ya Kendu Bay, na kaptura, na tochi! Hata mimi amenikimbiza."

Niliruka nikamkumbatia na matope yake yote.

Wageni wakaitwa upya, na nyumba ikajaa hadi watu wakakalia ndoo. Kabla ya chakula baba alisimama. Nilidhani anataka kuomba. Akasema, mbele ya wakwe na majirani, kwamba aliwafungia mlango watu wema kwa habari ambayo hakuihakikisha, kwamba dada yake alileta maneno tu lakini uamuzi ulikuwa wake, na kwamba anaomba radhi. Baba mkwe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Waya alipiga vigelegele kuliko wote, sijui kwa furaha au kwa aibu.

Wakubwa wa ng'ambo nao, uchunguzi ulipotoka, walikuwa wameeleza mengi, kurasa kwa kurasa, ila si kwamba wamekosea. Baba alisema, "Nimekosea," akakaa, na mimi nikaolewa.